Gunia la Mama Mkwe Lililokwama Katikati

Mama Dorkas, shikamoo. Nakuandikia nikiwa sina raha hata chembe, na nakuomba sana jina langu ulifiche gazetini kwa sababu mimi ni mtu ninayeheshimika hapa Singida Mjini, ndiye mtunza ghala na mtaalamu wa kompyuta wa kiwanda cha kukamua alizeti cha mzee Fabiano, kile kilichopo kwenye ghala la zamani la ushirika, mlango wa bluu, na kwa kweli hakuna kiwanda kingine cha alizeti mjini hapa chenye kompyuta, kwa hiyo utaelewa kwa nini sitaki watu wajue ni nani.

Nianzie mwanzo ili usinihukumu. Zamani kila gunia la alizeti likiingia nilikuwa naliwekea alama za ndiyo na hapana, limepimwa ndiyo, limekamuliwa hapana, limechukuliwa hapana, na programu yangu ilikuwa imejaa kama hivi fanya hivi, kama vile fanya vile, kama juu ya kama, mpaka siku moja ikaonyesha gunia la mtu wa Iguguno limechukuliwa wakati halijawahi hata kufika, na mzee Fabiano akaniuliza mbele ya wapakiaji kama mimi kompyuta nimeisomea au nimesimuliwa, wapakiaji wakacheka mpaka wakakaa chini, nikaumia sana, nikaenda intaneti kafe nikatafuta mpaka nikapata maktaba, na maktaba ninayosema hapa si nyumba ya vitabu, Mama, ni programu iliyokwisha kuandikwa na wataalamu wengine, wewe unaichukua na kuiunganisha na ya kwako. Hii ya kwangu kazi yake ni kulinda hali za vitu. Unaiambia kwamba kila gunia ni kitu kimoja, na kila kitu kina hali moja tu kwa wakati mmoja, LIMEPOKELEWA, LIMEPIMWA, LINAKAMULIWA, LIMEKAMULIWA, LIMECHUKULIWA, halafu unachora mishale ya kuonyesha hali ipi inaweza kwenda hali ipi, na mshale usiouchora haupo, hata uje na polisi. Nilifurahi, Mama, sikuwahi kuona kitu kinachojua kukataa vizuri namna ile. Ujumbe wake wa kukataa ulikuwa wa Kiingereza, nikautafsiri mwenyewe, MABADILIKO HAYARUHUSIWI, nikauweka kwa herufi kubwa, nikauunganisha na printa ili mteja apewe karatasi badala ya kubishana na mimi dirishani, na tangu hapo vurugu ghalani zikaisha, mtu hachukui mafuta ya mwenzake, na mzee Fabiano akaacha kuniuliza yale maswali yake.

Sasa mimi nina mchumba, anaitwa Eliana, kwao ni Ilongero lakini ana duka la dawa za mifugo hapa mjini, barua ya posa ilishapokelewa, na ilipangwa wazee wangu waende kwao kupanga tarehe ya ndoa. Mama yake, ambaye kwa desturi yetu mimi sitakiwi kuzoeana naye wala kupiga naye soga mpaka mambo yaishe, akaleta gunia la alizeti kiwandani ili apate mafuta ya kuwapikia wageni, na wageni wenyewe ndio hao wazee wangu. Kinu kikaanza kukamua vizuri, yeye amesimama pale pale na madumu yake kama wanavyosimama akina mama wote, maana hapa kwetu hakuna mama anayekubali kuondoka akaacha alizeti yake, anaogopa isije ikachanganywa na ya mwingine, na ilipofika kama nusu hivi mgao wa umeme ukakata. Na kinu kikisimama ghafla mashudu, yale makapi ya mbegu, yanagandamana tumboni mwake, kukifungua na kukisafisha ni kazi ya fundi, na safari hii kikavunja na kipuri juu yake, ikabidi kipuri kisubiriwe kutoka Arusha. Basi yule mama akaona isiwe tabu, akaja dirishani akasema, "Mwanangu, nipe hayo mafuta yaliyotoka na hiyo alizeti iliyobaki nirudi nayo nyumbani, nina wageni."

Mama Dorkas, mimi nilitaka kumpa, Mungu ni shahidi. Lakini kompyuta ilikuwa inawaka, maana nimeifungia jenereta ndogo, yenyewe na printa, hiyo jenereta haiwezi kusukuma kinu, nikabonyeza LIMECHUKULIWA, mfumo ukakataa, kwa sababu kutoka LINAKAMULIWA kuna mshale mmoja tu, wa kwenda LIMEKAMULIWA, na nikibonyeza LIMEKAMULIWA nakuwa nimedanganya kwa sababu nusu bado ni mbegu, na kulirudisha LIMEPIMWA haiwezekani kwa sababu nusu ni mafuta. Gunia la namna hiyo halipo kwenye mfumo. Ikatoka karatasi, nami kwa heshima ya desturi sikufungua mdomo, nikaipitisha dirishani kimya kimya. Akaisoma, akaigeuza nyuma kuangalia kama kuna maneno mengine, akaniuliza, "Hairuhusiwi na nani, mwanangu?" Nikabonyeza tena, ikatoka karatasi ya pili, nikampa na hiyo. Akakunja zote mbili akazifunga kwenye pindo la kanga, akabeba madumu yake matupu akaenda. Nami nikafunga mlango wa ghala kama kawaida, nikatia ufunguo mfukoni, nikaenda kula. Walikuwepo na wengine siku za mgao waliokwamishwa hivyo hivyo, lakini hao hawakulalamika.

Wazee wangu wakaenda Ilongero. Yaliyotokea nimesimuliwa na mshenga wangu, Lazaro. Anasema walikaribishwa vizuri, wakaletewa ugali wa uwele, mlenda, na kuku wa kuchemsha, kila kitu kikavu, hakuna hata tone la mafuta, mpaka baba yangu mkubwa akauliza kwa utani kama Ilongero siku hizi wameacha kulima alizeti, na hakuna aliyecheka. Walipomaliza kunawa, ikafika zamu ya kuzungumzia tarehe. Baba mdogo wake Eliana, mzee Anselm, akatoa karatasi kwenye koti, akavaa miwani, akasoma polepole, "Mabadiliko hayaruhusiwi." Lazaro akasema, "Mzee, hatujaelewa, maana yake nini?" Mzee Anselm akatoa karatasi ya pili, akaisoma nayo, "Mabadiliko hayaruhusiwi." Kisha akavua miwani akawatakia safari njema. Akamwambia Lazaro kwamba kijana wenu ni mchumba, na kwa mujibu wa karatasi zake mwenyewe atabaki mchumba.

Nikaenda dukani kwa Eliana kumweleza kitaalamu. Nilimchorea na mchoro wa kwetu wawili ili aelewe kwa mfano, HATUJUANI, MARAFIKI, WACHUMBA, WANANDOA, na mishale yake yote, kazi safi kabisa. Akautazama akaniuliza, "Nikiwa nimekasirika niko kwenye duara lipi hapa?" Nikamwambia hasira si hali, ni tukio linalopita. Akamhudumia mtu wa dawa ya kupe, kisha akaniambia, "Na siku nikikwama katikati? Nusu nimejifungua nusu bado, nusu hai nusu maiti, utanifungulia mlango au utanitolea karatasi?" Nikamwambia maswali hayo ameyachanganya, ayaulize moja moja. Tangu siku hiyo hanipokelei simu.

Mama Dorkas, nampenda Eliana, silali, sili, na nimekonda. Lakini naona ninaonewa, kwa sababu kosa ni la maktaba, si langu. Naomba unishauri. Nimefikiria kuibeba kompyuta na jenereta yake mpaka Ilongero niwaonyeshe wazee waone kwa macho yao kwamba ni mfumo uliokataa, na kama hiyo haifai nimekwisha kuongeza hali mpya, inaitwa GUNIA LA MAMA MKWE, ambayo ina ruhusa zote, ili siku nyingine isitokee. Je, niende na kompyuta, au nitume mchoro kwanza? Au nimwache, nitafute msichana anayeelewa teknolojia?

Ni mimi niliyeonewa na mfumo,
Singida Mjini


Mama Dorkas anajibu:

Marahaba, mwanangu. Umeona ilivyo rahisi? Mimi hunijui, hujawahi hata kuniona, na neno lako la kwanza kwangu limekuwa shikamoo. Mama aliyekuzalia mchumba amesimama mbele yako na madumu mikononi, ukampa karatasi. Halafu ya pili! Nilipofika hapo niliiweka barua yako chini, nikaenda kunywa maji, nikarudi nikasoma tena nikidhani macho yangu yameruka mstari. Hayakuruka.

Jina lako nimelificha kama ulivyoomba. Kiwanda umekitaja, mlango umeutaja rangi, tajiri wako umemtaja, mchumba umemtaja mpaka na dawa ya kupe anayouza, lakini jina nimelificha. Lala salama.

Tuanze na hili la kuonewa, maana limenichoma. Unasema kosa ni la maktaba. Hebu rudi kwenye barua yako mwenyewe. Mimi si mtu wa kompyuta, hii barua naiandika kwa mkono, lakini Kiswahili nakijua, na wewe kwa Kiswahili chako umeniambia kwamba maktaba inalinda mishale uliyoichora wewe. Maktaba ilijuaje kuna mtu anaitwa mama Eliana? Ilijuaje kuna mgao? Walioiandika wako huko wanakokaa, hawajawahi kukanyaga Singida, hawajui alizeti inanukaje. Wao wamekupa mlango na bawabu hodari. Orodha ya watu wa kuingia na kutoka umeiandika wewe, na wewe ndiye uliyesahau kwamba katika mkoa huu umeme hukatika. Umesahauje kitu kama hicho? Jenereta ya kompyuta hukuisahau!

Na hiyo jenereta nayo, jamani. Yaani umeme wa kukamulia haukuwepo, ila umeme wa kukatalia ulikuwepo. Kinu kimekufa, mafuta yamesimama, akina mama wamekaa chini wanangoja, na katika kiwanda kizima chombo kimoja tu kinafanya kazi, nacho kinachapa neno hapana kwa herufi kubwa. Ningekuwa mzee Fabiano ningekuuliza tena lile swali lake, na wapakiaji ningewaita wote.

Lakini nisikuonee. Hiyo maktaba yenyewe sina ugomvi nayo. Mimi nimewahi kuwa mteja wa viwanda visivyo na mpangilio, nimewahi kurudi nyumbani na mafuta machafu ya mtu nisiyemjua, mazuri ya kwangu yameondoka na mwenye nguvu ya kelele. Kwamba sasa mtu hawezi kuchukua dumu la mwenzake, hiyo ni kazi nzuri na nakupongeza. Gunia ambalo halijafika lisiandikwe limechukuliwa, sawa kabisa. Na najua kilichokuuma. Ulichekwa mbele ya watu kwa kosa dogo, na kijana akichekwa mbele ya watu huwa anatafuta pa kujificha. Ndipo ukapata kitu kinachojibu badala yako, kisichoona haya wala kuulizwa swali. Hapo nakuhurumia kweli. Huruma yangu inaishia hapo.

Maana unajua umefanya nini? Wewe ni mdogo, pengine hukumbuki, lakini akina mama wa umri wangu tunalikumbuka hilo ghala lako lilipokuwa la ushirika. Kulikuwa na dirisha lile lile. Nyuma ya dirisha alikaa karani, na kila ulichomwambia alijibu haiwezekani, njoo kesho, na ukimuuliza nani kasema, alifunga dirisha. Ushirika ukafa, soko likawa huria, wenye mitaji wakanunua maghala, tukashangilia kwamba sasa mteja ni mfalme na yule karani tumemzika. Kumbe wewe umemfukua! Umemvalisha kompyuta, umempa na printa, umemrudisha kwenye dirisha lake. Na huyu wa sasa ni mbaya zaidi, kwa sababu yule wa zamani alikuwa na aibu kidogo, ukilia alikuwa anatazama pembeni.

Na usiniletee habari za desturi. Desturi ya mkwe kutopiga soga na mama mkwe naijua tangu hujazaliwa. Imewekwa ili umheshimu, ukimwona njiani umpishe, akiwa na shida umtumie mtu amsaidie kabla hajaomba. Haikuwekwa ili uwe bubu mbele ya mtu mwenye wageni. Ulikuwa na wapakiaji pale, ungeweza kumwambia mmoja wao, "Mwambie mama namwamkia, na mpe mzigo wake." Desturi imetunzwa, mafuta yameondoka, na wazee wako wamekula kuku wa kukaanga. Wewe heshima umeikumbuka pale tu ilipokusaidia kunyamaza.

Sasa tuje kwenye huu ujinga wenyewe, wa kila kitu kuwa na hali moja. Gunia lililokuwa mbele yako lilikuwa nusu mafuta, nusu mbegu. Lilikuwepo, unaliona, unalinusa. Mfumo wako ukasema halipo, na wewe ukauamini mfumo ukayakana macho yako. Mtoto wa chekechea ukimwekea muhogo uliomenywa nusu hakwambii muhogo huo haupo. Atakwambia huu umemenywa na huu bado. Basi na wewe fanya hivyo hivyo: gunia likikatwa katikati na umeme, lihesabu kuwa vitu viwili, mafuta yaende njia yake na mbegu zirudi njia yake. Chora mshale wa mwenye mali kusema imetosha, naondoka na changu. Umesema mshale usiouchora haupo. Basi uchore! Kalamu unayo wewe.

Na lile gunia ndilo dogo. Yule mama naye alikuwa vitu viwili kwa wakati mmoja, mteja wako na mama mkwe wako. Wewe ulikuwa viwili, mtunza ghala na mkwe. Ukachagua kimoja, tena kile cha kupewa mshahara, kingine ukakiacha nje kama kandambili. Ndio maana mzee Anselm alivaa miwani. Watu wanasema wazee wa vijijini hawaelewi teknolojia. Huyu ameielewa vizuri kuliko mafundi wote, ameitumia siku moja tu na imefanya kazi bila hitilafu. Amekuweka kwenye duara lako, na mshale hakuchora.

Eliana nampa pole. Amekuuliza swali ambalo mwanamke haulizi kwa utani, na wewe ukamwambia aliulize moja moja. Kwa akili yako alikuwa anauliza habari za kompyuta? Binti wa watu anataka kujua jambo moja, kwamba siku mambo yakiharibika katikati, siku ambayo haimo kwenye mchoro, mume wake atainuka au atabonyeza. Anayo haki ya kujua kabla ya kuingia nyumbani kwako. Mimi ningekuwa yeye, simu nisingeipokea, na duka ningehamisha. Na hasira yake, kwa taarifa yako, ni hali. Tena ndiyo hali aliyonayo sasa hivi unaposoma gazeti hili.

Ushauri wangu sasa, na uufuate wote, usichague chague.

Kompyuta usiibebe. Ukionekana Ilongero na jenereta mgongoni unakwenda kuwaonyesha wazee jinsi ulivyokuwa na haki ya kuwanyima mafuta, hata mimi nitakuja kusimama upande wao. Mchoro uchane. Wa magunia ubakize, uutengeneze kama nilivyosema. Wa kwako na Eliana uutie jikoni.

Ile hali yako mpya, GUNIA LA MAMA MKWE, ifute leo. Yaani umeona dhambi yako ni kumkataza mama mkwe? Hao wengine waliokwama siku za mgao, unaosema hawakulalamika, wangelalamika kwa nani? Kwenye dirisha lipi? Hao nao wana wageni, wana watoto, wana misiba. Kabla hujakanyaga Ilongero watafute mmoja mmoja, umpe kila mtu chake, umwombe radhi. Kama mzee Fabiano akiuliza, mweleze kila kitu, na akitaka kukucheka mwache acheke. Hukufa mara ya kwanza.

Halafu chukua mafuta ya yule mama yaliyokwisha kutoka, chukua na alizeti yake iliyobaki, ufunge kwenye baiskeli uvipeleke mwenyewe. Usimtume mpakiaji. Lazaro atangulie, maana ndiye mshenga, abishe hodi na aseme umekuja na kwa nini. Wewe kaa nje kwenye uzio mpaka uitwe. Wakichelewa kukuita, kaa. Wakikupita kama hawakuoni, kaa. Mzee Anselm akitoa karatasi na miwani, mwache asome mpaka mwisho, wala usimweleze kwamba imetafsiriwa na nani. Tarehe ya ndoa usiitaje. Siku hiyo hukwenda kuoa, umekwenda kurudisha mali ya watu. Wakikusamehe watakwambia, wasipokusamehe utakuwa umefanya la haki na utarudi mjini na baiskeli tupu. Msamaha siwezi kukuahidi, na Eliana simsemei.

Na habari ya kutafuta msichana anayeelewa teknolojia, nyamaza kabisa. Huyo uliyenaye ameielewa.

Nina neno moja la mwisho. Katika barua yako ndefu kuna kitu umekitaja haraka haraka ukapita, labda ulidhani sitakiona. Umesema ulifunga mlango wa ghala, ukatia ufunguo mfukoni, ukaenda kula. Ufunguo, mwanangu. Mafuta yalikuwa nyuma ya mlango wa mbao, na ufunguo wa mlango huo haukuwa kwenye kompyuta. Ulikuwa kwenye suruali yako muda wote yule mama aliposimama pale, na hakuna maktaba duniani iliyokushika mkono usiutoe.

Yule mama alikuuliza swali moja tu, hairuhusiwi na nani, na hadi leo hujamjibu. Ukifika Ilongero atakuuliza tena, kwa sababu mama wa namna hiyo hasahau alichouliza. Mwamkie kwanza. Kisha inamisha kichwa, umjibu kwa mdomo wako: "Ni mimi, mama. Ni mimi niliyekataa."